Mtoto Anapobisha Hodi: Mapokezi na Kutia Moyo katika Shule na katika Ushauri Nasaha

(Hotuba ya walimu wakimbizi iliyosomwa mbele ya wazazi, Kamati ya Jumuiya na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Kambi ya Dzaleka, Wilaya ya Dowa, Malawi)

 

Tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema machache siku ya leo. Tarehe 20 Juni ilianza kuadhimishwa duniani kote kuwa Siku ya Wakimbizi mwaka 2001, ulipotimia mwaka wa 50 tangu Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kila mwaka siku hii tunacheza ngoma, vijana wanaimba, watoto wanasoma mashairi, na wageni wanahutubia. Safari hii Kamati imetutaka tuzungumzie shule. Tumechagua jambo moja ambalo halingojei saruji wala mabati ya wahisani: namna tunavyompokea mtoto, na namna tunavyomtia moyo akishaingia.

Hotuba hii tumeiandika pamoja, sisi ambao tulisomea ualimu vyuoni kabla ya kukimbia na sasa tunafundisha hapa kambini. Anayesoma ni mmoja, lakini maneno ni yetu sote.

1. HODI NA KARIBU

Ndugu zetu, sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda tuliingia nchi hii kwa kubisha hodi. Wengi wetu tulipita Kigoma na Mbeya, tukavuka mto Songwe, tukafika Karonga, na hapo tukasikia neno tulilolijua. Mmalawi akifika mlangoni kwa jirani husema "Odi!" Ni hodi yetu ile ile. Kwa hiyo kabla hatujajua hata neno moja la Kichewa, tulikuwa tayari tunajua kuomba kuingia.

Jibu la hodi ni karibu. Na neno karibu kwa Kiswahili lina maana mbili: njoo ndani, na pia pasipo mbali. Anayekaribishwa anasogezwa. Mtu aliyeambiwa "karibu" halafu akaachwa amesimama kizingitini hajakaribishwa bado. Hivyo karibu ni neno lenye kazi ndani yake: kuna kiti cha kutafutwa, maji ya kunywa ya kuletwa, jina la kuulizwa, na muda wa kumsikiliza mgeni.

Mkimbizi anabisha hodi maisha yake yote. Anabisha hodi mpakani, kwenye ofisi ya usajili, kwenye dirisha la mgao, kwenye zahanati. Milango mingine hufunguka, mingine haifunguki, na sababu mara nyingi haziko mikononi mwetu. Lakini mlango wa darasa uko mikononi mwetu. Mtoto akibisha hodi pale, anayejibu ni sisi, na hapana mtu mwingine wa kumlaumu.

2. WATAALAMU WANASEMA NINI

Katika vyuo vya ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kadiri anavyojiona. Anayejiona hawezi, hata akiwa na akili nzuri, hatainua mkono. Mmarekani William Purkey aliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1970, na mwaka 1978 akatoa kitabu kingine kinachoieleza elimu kama mwaliko, kazi aliyoiendeleza baadaye pamoja na mwenzake John Novak. Kwa maoni yao, kila kitu shuleni humwambia mtoto moja kati ya maneno mawili: "wewe unaweza na unahitajika hapa," au "wewe huwezi na huhitajiki hapa." Hakuna kitu kisichosema lolote.

Purkey aliwagawa watu katika ngazi nne. Wa kwanza ni yule anayefukuza kwa makusudi: anatukana, anadharau, anakusudia kuumiza. Wa pili anafukuza bila kukusudia: hana nia mbaya, lakini hakufikiri. Wa tatu anakaribisha bila kujua anavyofanya: ana tabia njema ya kuzaliwa nayo, lakini siku mambo yakiwa magumu hajui ashike wapi. Wa nne anakaribisha kwa makusudi: anajua anafanya nini na kwa nini, na ndiyo sababu anaweza kuendelea hata siku ambayo hana furaha.

Sisi tunaona kwamba wa ngazi ya kwanza ni wachache. Kazi yetu kubwa iko katika ngazi ya pili. Mwalimu anayeita majina na kulikosea jina la mtoto kila asubuhi, darasa likacheka, hakukusudia ubaya. Anayesema "wewe Mkongo, simama" hakukusudia ubaya. Mzazi anayemwambia kijana wa miaka 14, "umri huu bado uko darasa la tatu?" hakukusudia ubaya. Lakini mtoto hapimi nia, anapima alichosikia. Watoto wetu wanaitwa Furaha, Bahati, Riziki, Amani na Shukuru. Majina haya ni dua za wazazi waliokuwa katika vita. Kulitamka jina sawasawa ni mapokezi yasiyogharimu hata kipande cha chaki.

3. HALI YETU HAPA DZALEKA

Mahali hapa pana historia yake. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, Dzaleka palikuwa gereza, na watu waliopingana na serikali walifungwa hapa. Hata jina lake lina mzizi wa neno la Kichewa "kuleka", yaani kuacha, kama anavyoambiwa mtu: koma, usirudie tena. Mwaka 1994 utawala huo ulipokwisha, Malawi ilipafanya mahali pa kupokelea wakimbizi. Mwaka huo huo wa 1994 serikali mpya ilifuta karo katika shule za msingi nchini kote. Kwa hiyo mahali palipojengwa kwa ajili ya kumwambia mtu "koma" pakageuzwa kuwa mahali pa kumwambia "ingia". Kugeuza matumizi ya majengo ni kazi ya siku chache. Kugeuza desturi za ndani yake ni kazi ya miaka, na kazi hiyo tumeachiwa sisi.

Kambi ilipangwa kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Mwaka 2023 hesabu ilikuwa imekwisha kupita 50,000. Mwaka huo huo wa 2023 serikali ilitekeleza agizo la kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini. Watoto waliokuwa wakisoma kwingine walijikuta hapa katikati ya mwaka wa masomo, wengine bila sare, bila madaftari, bila hata kuwaaga wenzao. Hatusemi haya ili kufungua mjadala wa sheria. Wapo wanaolishughulikia hilo. Tunayasema kwa sababu mtoto aliyeondolewa mahali kwa nguvu akija shuleni huja na swali moja moyoni: "Na hapa nitaondolewa lini?" Kabla ya kumfundisha sehemu na desimali, tuna budi kumjibu swali hilo.

Ugumu wa pili ni lugha. Mtoto wa Fizi au Uvira anajua Kibembe au Kifuliiru, na Kiswahili. Wa Burundi anajua Kirundi. Wapo pia watoto wa Kinyarwanda, wa Kisomali na wa lugha za Ethiopia. Shuleni tunafuata mtaala wa Malawi: madarasa ya chini husikia Kichewa zaidi, na ya juu ni Kiingereza hadi mtihani wa darasa la nane. Mtoto aliyefika darasa la tano kwa Kifaransa huko kwao, akirudishwa la pili kwa sababu hajui Kiingereza, huwa tumepima ulimi wake tukadhani tumepima akili yake. Saba mara nane ni 56 kwa Kifaransa, kwa Kirundi, kwa Kichewa na kwa Kiingereza. Mpeni mtoto huyo hesabu ubaoni kwanza, ndipo mkate shauri la darasa.

4. VIDOLE VITANO

Purkey alisema kwamba mwaliko wa shule hukaa katika mambo matano. Sisi tumeyafananisha na vidole vya mkono mmoja, maana wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Kidole cha kwanza ni WATU. Mlinzi wa lango, mpishi wa uji, mwalimu, karani, mwanafunzi wa zamu: wote ni wapokeaji. Mtoto mpya asipewe kwa mwalimu peke yake. Akabidhiwe kwa mtoto mwenzake anayejua lugha yake, ambaye kwa mwezi mmoja atakuwa mwenyeji wake: atamwonyesha choo, bomba la maji, mahali pa kukaa, na maneno kumi ya kwanza ya Kichewa. Aliye mwenyeji naye hufaidika, kwa kuwa mtoto aliyepewa dhamana hujiona ana thamani. Na watoto Wamalawi wanaosoma pamoja nasi wanafaa sana kazi hii. Wao ndio wenye nchi, na mtoto wetu akishikwa mkono na mwenye nchi huacha kuogopa njia.

Kidole cha pili ni MAHALI. Tunajua madarasa ni machache na wanafunzi ni wengi mno. Lakini hata penye msongamano pana namna. Ubao unaweza kuandikwa salamu za asubuhi kwa lugha nne. Kazi za watoto zinaweza kubandikwa ukutani kwa unga wa ugali uliopikwa ukawa gundi. Mlango wa ofisi wenye maandishi "Usiingie bila ruhusa" unaweza kuandikwa "Bisha hodi, tutakuitikia." Ruhusa ni ile ile; aliyesoma tu ndiye amejisikia tofauti. Na vyoo vya wasichana viwe na milango inayofungika. Msichana asiyekuwa na mahali pa kujisitiri ameambiwa arudi nyumbani, hata kama hakuna aliyetamka neno hilo.

Kidole cha tatu ni KANUNI. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Kanuni nzuri kwa karatasi inaweza kufukuza watoto bila mtu kutambua. Chukueni mfano wa kufunga lango saa moja na nusu asubuhi. Kanuni hiyo ni moja kwa wote, lakini haiwaangukii wote sawa. Wanaokwenda kwenye pampu alfajiri kupanga foleni ya maji ni watoto wa kike. Pampu ikiharibika moja, foleni ya nyingine huongezeka, na msichana hufika saa mbili na madumu yamekwisha kumchosha. Akifungiwa lango mara tatu, mara ya nne haji tena. Kisha sisi watu wazima tunaandika kwenye ripoti kwamba wasichana wa kambi hawapendi shule.

Kidole cha nne ni MIPANGO. Kila mpango uulizwe: nani ameachwa nje? Masomo ya ziada yakifanyika jioni, mama mwenye umri wa miaka 17 na mtoto mgongoni atakujaje? Michezo ikiwa ni mpira wa wavulana tu, wasichana watacheza wapi? Mtoto asiyeona vizuri ameketishwa safu gani? Mpango wa darasa la lugha kwa wageni, hata wa majuma sita tu, huokoa mwaka mzima wa mtoto.

Kidole cha tano ni MWENENDO, yaani namna mambo yanavyotendeka siku hadi siku. Waweza kuwa na watu wema, mahali pasafi, kanuni na mipango, lakini ukayafanya yote kwa amri na makelele. Kuwaita wazazi shuleni pale tu mtoto anapokosa ni mwenendo mbaya. Mzazi aitwe pia mtoto anapofanya vizuri. Tumeona baba aliyekuja na uso wa hofu kwa kuwa ameitwa na mwalimu, akaambiwa mwanawe ameanza kusoma kitabu peke yake. Baba yule alirudi nyumbani kwa mwendo mwingine, na mtoto hakukosa tena shule muhula ule.

5. USHAURI NASAHA

Wapo watoto ambao salamu na dawati hazitawatosha. Wameona mambo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika watu walioishi penye vita, kama mtu 1 kati ya 5 ana tatizo fulani la afya ya akili. Katika darasa lenye watoto wengi kama ya kwetu, ina maana mwalimu anao mbele yake kila siku, awatambue au asiwatambue. Mmoja husinzia kila asubuhi kwa kuwa usiku haulali. Mwingine hupigana kwa kuguswa tu bega. Mwingine amenyamaza, na kwa kuwa hasumbui, hakuna anayemwuliza kitu. Huyo anayenyamaza tumwangalie zaidi.

Mwaka 2011 shirika hilo pamoja na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo si lazima ifanywe na daktari. Inakaa katika maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha.

Kutazama ni kuona nani ana shida, na kama yuko salama. Kusikiliza ni kumkaribia kwa adabu, kumwuliza anahitaji nini, na kumwacha aseme kwa kadiri anavyotaka. Hapa wengi hukosea kwa wema. Tusimshurutishe mtoto asimulie yaliyompata. Tusimwambie "sahau", wala "wenzako wameona makubwa zaidi", wala "Mungu ndiye aliyetaka". Tusimwahidi kwamba jina lake litatoka katika orodha ya kupelekwa nchi ya tatu. Ahadi ya uongo huchukua furaha ya siku moja na kuacha uchungu wa miaka. Kuunganisha ni kumpeleka mtu kwa wenye kuweza zaidi: zahanati, wahudumu wa ulinzi wa watoto, ndugu, jirani mwema, kiongozi wa dini anayeaminika.

Mwanasaikolojia Carl Rogers, aliyefariki mwaka 1987, alifundisha kwamba mshauri hutakiwa mambo matatu: awe mkweli wala asijifanye, amkubali mtu bila masharti, na ajitahidi kuona jambo kwa macho ya yule anayemsikiliza. Wazee wetu hawatashangazwa na maneno haya. Kwa Warundi, mshingantahe hakukata neno kabla ya kusikiliza pande zote. Kwa Wamalawi, shauri huletwa bwaloni, na kila mtu hupewa zamu yake ya kusema. Elimu ya ushauri nasaha ilikwisha kuwako katika mila zetu. Kilichokosekana ni kumpa mtoto zamu yake.

Kuna mpaka lakini. Siri ya mtoto ni amana, isipelekwe sokoni wala chumba cha walimu. Hata hivyo, mtoto akisema anafanyiwa ubaya wa mwili, au anafikiri kujiua, mwalimu asibaki na siri hiyo peke yake. Amwambie mtoto kwa upole: "Jambo hili ni zito kuliko mimi na wewe, nitakwenda nawe kwa mtu wa kutusaidia." Kisha aende naye kweli, siku hiyo hiyo. Na msichana akisikilizwa na mwalimu wa kiume, wakae mahali wanapoonekana na watu lakini wasikosikika. Benchi chini ya mti linatosha.

6. JE, HATUTAWADEKEZA?

Tunajua wapo wazazi wanaosema mioyoni mwao: "Walimu hawa wanataka kutuharibia watoto. Sisi tulichapwa na tukawa watu." Hoja hiyo ni ya watu wanaowapenda watoto wao, kwa hiyo inastahili jibu.

Kwanza, sheria. Malawi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kifungu chake cha 28 kinataka nidhamu shuleni itolewe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Tunakaa nchini mwao, tuheshimu walichoridhia.

Pili, na hili ndilo kubwa kwetu, watoto hawa wamekwisha kuona fimbo kubwa kuliko zetu. Mtoto aliyeona bunduki haogopi kiboko. Anachojifunza kwa kiboko ni kwamba hapa pia ni kama kule. Nidhamu tunaitaka, na tunaitaka iwe kali. Mtoto aliyechelewa aulizwe sababu, kisha afidie kazi aliyoikosa. Aliyevunja dirisha asaidie kulitengeneza. Aliyemtukana mwenzake amwombe radhi mbele ya wale wale waliosikia. Adhabu za namna hii huchukua muda mrefu kuliko viboko viwili, na mtoto huona uzito wake, maana humtaka afikiri.

Tatu, kumtia moyo mtoto si kumsifu uongo. Ukimwambia "vizuri sana" kwa kazi mbovu, atajua unamdanganya au humjali. Mwambie kilicho sawa kwa jina lake: "Sentensi hizi mbili umeziandika vizuri. Ya tatu haina kitenzi, itafute." Hapo umempa heshima, na kazi pia umempa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata methali hiyo ni ya mapokezi: anayepewa jembe amekubaliwa kuwa mtu wa nyumba hiyo.

7. MWALIMU NAYE NI MTU

Purkey alisema pia kwamba asiyejikaribisha mwenyewe hawezi kuwakaribisha wengine kwa muda mrefu. Mwalimu mkimbizi anaishi juu ya mgao ule ule, anapanga foleni ile ile, anangoja barua zile zile. Anapokea posho ndogo, na vyeti vyake vya chuo, ikiwa havikuungua, havitambuliki kila mahali. Asubuhi anasimama mbele ya umati wa watoto akiwa hajalala. Hatusemi haya kuomba huruma. Tunasema kwamba mkutano wa walimu wa kila mwezi wa kuzungumza tu, bila ripoti wala ukaguzi, ni sehemu ya kazi ya shule. Na salamu ya mzazi anayepita na kusema "mwalimu, pole na kazi" hutufikisha hadi Ijumaa.

8. MAOMBI YETU

Ndugu Mwenyekiti, hotuba isiyokuwa na ombi ni upepo. Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwa wazazi: msimlete mtoto langoni mkamwacha. Ingieni naye siku ya kwanza, mtaje jina lake, mseme anajua lugha gani na alifika darasa gani. Nyumbani, mwulizeni kila jioni jambo moja alilojifunza, hata kama ninyi hamkusoma. Swali hilo halihitaji kujua kusoma.

Kwa Kamati ya Jumuiya: tunaomba mkae na walimu wakuu na wahudumu wa maji, ili watoto wa shule wapewe zamu ya mapema kwenye pampu, au kaka zao nao wachukue madumu. Na lango lisifungwe. Wachelewaji waingie kimya, waketi, wafidie mchana.

Kwa mashirika: mnapopima kazi yetu, msihesabu walioandikishwa tu. Ulizeni pia wangapi waliingia katikati ya mwaka, wangapi wamebaki hadi mwisho, na walioondoka waliondoka kwa nini. Mtupe mafunzo ya ushauri nasaha yasiyokwisha kwa semina ya siku mbili, na mtuambie wazi tumpeleke kwa nani mtoto aliyezidiwa, saa ngapi, na nani atapokea.

Kwa walimu wenzetu, Wamalawi na wakimbizi: tuanze na majina. Juma lijalo kila mmoja wetu ajue majina ya watoto kumi asiowajua, na maana zake. Juma linalofuata, kumi wengine.

Na kwenu wanafunzi: yupo mwenzenu mmoja aliyefika mwezi huu. Mnamjua, ndiye anayekaa peke yake wakati wa mapumziko. Kesho mmojawenu amwite akacheze.

Ndugu zetu, hatujui ni wangapi kati yetu watarudi kwao, wangapi watapelekwa nchi nyingine, na wangapi watazeekea hapa. Lakini mtoto aliyejifunza kusoma atakwenda na kusoma kwake popote, na aliyepokelewa vizuri atajua kumpokea mwingine huko aendako. Kazi hiyo inaanza kesho asubuhi, kengele ikilia.